Sikio la Mpiga Mbizi: Sauti na Filamu katika Elimu ya Afya

Wavuvi wa Kojani, kisiwa kidogo kilicho ubavuni mwa pwani ya mashariki ya Pemba, wanasifika kwa kupiga mbizi, na msimu wa dago huwapeleka mbali na kwao. Kazi hiyo hulielemea sikio mapema. Katika kina cha mita 10 tu, shinikizo huwa maradufu ya lile la juu ya maji, na kiwambo cha sikio husukumwa ndani. Mpiga mbizi asiposawazisha hewa kwa kumeza mate, au kwa kubana pua na kupuliza taratibu, kiwambo huweza kupasuka. Maji ya baridi yakipenya sikio la kati, kizunguzungu huja ghafla, naye asijue juu ni wapi na chini ni wapi. Huenda akazama.

Bango lenye mchoro wa sikio humweleza mvuvi kidogo sana kuhusu hali hiyo. Sauti ingemweleza zaidi. Mwaka 1993 Mwingereza Derek Jarman, aliyekuwa akipoteza uwezo wa kuona kutokana na UKIMWI, alitoa filamu ya majaribio iitwayo Blue. Kwa dakika 79 skrini huonyesha rangi ya buluu peke yake. Habari yote huingia kwa masikio. Daktari huisikia humo historia ya mgonjwa ambayo faili haina nafasi nayo.

Buluu ya Kojani ingehitaji dakika tatu tu, katika simu: mapigo ya moyo, povu, kisha sikio moja kuziba na mlio kuanza. Lakini fizikia iheshimiwe. Majini sauti husafiri takribani mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya mwendo wake hewani, hivyo masikio hushindwa kutambua inatoka upande gani. Msanii asiyelijua hilo atatengeneza uongo mzuri.

Baada ya onyesho, mhudumu aulize kuhusu maumivu, damu, usaha, mlio, usikivu na kizunguzungu. Kiwambo kilichopasuka mara nyingi hufunga chenyewe kwa majuma au miezi michache, sikio likiwekwa kavu. Mafuta yasitiwe, wala dawa ya matone kabla ya uchunguzi. Mwenye mafua asizame. Aliyepasuka kiwambo asizame hadi achunguzwe tena, ingawa kumwambia hivyo mvuvi ni kuigusa riziki ya nyumba nzima. Ziko kazi za chomboni zisizodai kuzama, kama kushika usukani na kupokea samaki. Mgonjwa akiridhia, mhudumu azungumze na nahodha wake kuhusu hizo.