BASI, NDEGE AU TRENI? SOMO KWA MSAFIRI WA TURKANA

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Nimepewa ukurasa huu niandike somo, nami nimechagua jambo linalotusumbua sote tunaoishi huku kaskazini: mtu akitaka kusafiri mbali, apande nini? Wengine watasema hilo si somo, ni mambo ya mfuko tu. Mwenye pesa hupanda ndege, asiye nazo hupanda basi, basi kwisha. Hata mimi nilifikiri hivyo mpaka mwaka jana, macho ya nyanya yangu yaliponifunza mengine. Kisa chenyewe nitakieleza huko mbele. Kwanza tujifunze.

1. UMBALI WETU

Kutoka Lodwar mpaka Nairobi kwa barabara ni karibu kilomita 700. Aliye Kakuma aongeze nyingine 120 hivi. Barabara inapita Lokichar, Kainuk, Marich, Ortum na Kapenguria hadi Kitale, ambapo umemaliza kama kilomita 300. Hapo bado una safari ya Eldoret, Nakuru na Naivasha mbele yako. Kwa ndege, mstari ulionyooka kutoka Lodwar mpaka Nairobi ni kama kilomita 500 tu, kwa sababu ndege haizunguki mlima wala haingoji mto ushuke.

Reli je? Huku kwetu hakuna. Reli ya zamani ilianzwa kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Baadaye tawi lake lilifika Kitale, likakomea pale. Mpango wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu mwezi wa Machi 2012, una reli ya kutoka Lamu kuelekea Sudan Kusini kupitia Turkana. Reli hiyo bado haijajengwa, kwa hivyo kwa sasa Mturkana anayetaka treni ni lazima kwanza aifuate nje ya Turkana.

2. BASI

Sifa ya basi ni kwamba linamjua maskini. Nauli yake ni nafuu na linakubeba na magunia yako. Linasimama Lokichar ukanunua maji, na Kitale ukanunua ndizi. Ukiwa na mtoto mgonjwa tumboni unaweza kumwomba makanga asimamishe. Barabara nayo si ile ya zamani. Lami ya kwanza kati ya Kitale na Lodwar iliwekwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Norway, ikaja ikaharibika mpaka madereva wakawa wanapita kando yake mchangani. Miaka hii ya karibuni imetengenezwa upya sehemu kubwa, na saa zimepungua.

Lakini basi lina maadui wawili. Wa kwanza ni maji. Laga iliyokauka asubuhi inaweza kuwa mto mkali jioni, hata kama pale uliposimama halijaanguka tone, maana mvua imenyesha milimani. Tukumbuke Novemba 2019, maporomoko ya ardhi yalipoua makumi ya watu Pokot Magharibi, madaraja yakasombwa na barabara ya Kitale kukatika. Adui wa pili ni bunduki. Mwezi wa Februari 2023 serikali ilitangaza sehemu za kaunti sita, Turkana na Pokot Magharibi zikiwemo, kuwa zenye misukosuko na hatari, na wanajeshi wakapelekwa kusaidia polisi. Siku kama hizo msafiri huuliza habari za njia kabla ya kuuliza nauli.

Wenzetu wa kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992, wana jambo la tatu. Kabla ya tiketi wanahitaji kibali cha kusafiri. Pesa bila karatasi haiwafikishi popote, maana polisi wako njiani.

3. NDEGE

Kutoka Lodwar hadi Nairobi ndege huruka kama saa moja na nusu. Uwanja wetu uko karibu na mji, unafika kwa bodaboda. Hata hivyo, usihesabu muda wa angani peke yake. Hesabu kutoka mlango wa nyumba yako mpaka mlango wa unakokwenda. Weka saa ya kungoja uwanjani, muda wa ndege, halafu msongamano wa magari wa Nairobi. Utapata kama saa tano, na aliye Kakuma aongeze zaidi ya saa mbili za kuja Lodwar. Hata hivyo ni pungufu sana kuliko basi, linalomeza siku nzima na sehemu ya usiku.

Kasoro ya kwanza ya ndege ni bei, na bei yenyewe haitulii. Ukikata tiketi mapema unaweza kupata nafuu, lakini ukingoja mpaka kesho yake utalia. Ya pili ni mizigo. Ndege zinazokuja huku si kubwa na mzigo unapimwa kwa kilo. Hapa somo la fizikia linatusaidia. Hewa yenye joto ni nyepesi kuliko hewa baridi, kwa hivyo mabawa hupata kazi zaidi kuinua ndege. Lodwar, ambako joto linapita digrii 35 mara nyingi, ndege inahitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuruka, au ipunguziwe mzigo. Kwa hivyo yule anayekuambia gunia lako halipandi hakuonei bure.

4. TRENI

Treni ya Mombasa–Nairobi, tunayoiita SGR, ilianza kubeba abiria mwaka 2017. Safari huchukua saa tano au sita. Nauli ya daraja la kawaida imekuwa shilingi 1,500 tangu Januari 2024. Kabla ya hapo ilikuwa 1,000. Uzuri wake ni kwamba haijui matuta, haijui msongamano, na saa yake inajulikana. Ubaya wake ni kwamba stesheni haziko katikati ya mji. Ya Nairobi iko Syokimau na ya Mombasa iko Miritini, kwa hivyo kuna nauli nyingine ndogo pande zote mbili. Tena mizigo hukaguliwa, hivyo fika mapema.

Walio mabingwa wa kuchagua kati ya treni na ndege ni watu wa India, maana nchi yao ni pana na reli imeenea. Kutoka Mumbai mpaka Delhi ni karibu kilomita 1,400 kwa reli. Treni ya haraka ya usiku huchukua kama saa 16, ndege kama saa mbili. Utasema nani atachagua treni? Lakini mtu huingia jioni, hula, hulala kitandani ndani ya behewa, na asubuhi ameamka Delhi. Saa nyingi za treni zimekuwa saa za kulala, na hakulipa chumba cha wageni. Hilo ndilo swali zuri la kujiuliza: saa zile ningezifanyia nini kama singekuwa njiani?

Na sisi tuna undugu na reli za huko. Wafanyakazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka India kujenga reli yetu ya kwanza, na wengi walikufa kwa magonjwa, ajali na simba wa Tsavo. Hata neno letu "gari" lina asili ya Kihindi.

5. KISA CHA NYANYA

Sasa nifike nilipoahidi. Nyanya yangu anaishi Kakuma, mimi naishi kwa shangazi hapa Lodwar kwa ajili ya shule. Mwaka jana mtoto wa jicho ulikuwa umemfunika macho yote mawili. Alikuwa ananijua kwa sauti tu. Hospitali moja ya Nairobi ikampa siku ya kupasuliwa: Alhamisi, saa mbili asubuhi, mwezi wa Aprili.

Baba akapiga hesabu. Basi lilikuwa shilingi 2,500 kwa mtu, na wao wawili 5,000. Ndege ilikuwa 9,500 kwa mtu, wawili 19,000. Mbuzi sokoni alikuwa anakwenda kwa 5,000. Yaani kwenda kwa basi ni mbuzi mmoja, kwenda kwa ndege ni mbuzi wanne. Mimi mwenyewe nilisema, "Baba, mbuzi watatu ni karo yangu." Wakapanda basi Jumatano saa kumi na mbili asubuhi, wakitegemea kufika usiku.

Walipopita Kainuk walikuta mto umejaa. Magari yalipanga foleni ndefu. Wakangoja jioni ile, wakangoja usiku, nyanya amelala kwenye kiti amejifunika shuka. Maji yalishuka Alhamisi mchana. Walifika Nairobi Ijumaa alfajiri, wakaenda moja kwa moja hospitalini, wakaambiwa daftari limejaa, warudi mwezi wa Agosti.

Nyanya aliporudi hakulalamika. Aliniuliza tu, "Ni wewe uliyesema mbuzi watatu?" Nikasema ndio, nyanya. Akanyamaza. Ile miezi minne niliona kila Jumamosi niliyokwenda Kakuma jinsi anavyopapasa ukuta akitafuta mlango. Mara moja alijichoma mkono kwenye jiko la makaa.

Agosti baba akauza mbuzi wanne, wakaenda kwa ndege. Alipasuliwa siku ile ile aliyopewa. Kurudi walirudi kwa basi, pole pole, kwa maana hakukuwa na daftari linalowangoja nyumbani. Nyanya alitazama dirishani njia nzima, na mpaka leo anasimulia milima ya Marich kama mtu aliyeiumba yeye.

Sasa tupige hesabu kama wanafunzi. Safari ya kwanza: kwenda 5,000, kurudi 5,000, chakula cha siku zote zile 3,000. Jumla 13,000. Safari ya pili: kwenda kwa ndege 19,000, kurudi kwa basi 5,000. Jumla 24,000. Zote pamoja 37,000. Kama tungeanza na ndege tungetumia 24,000 peke yake. Rahisi ilitugharimu 13,000 zaidi, na miezi minne ya giza, ambayo sijui niandike bei gani.

Je, basi ndilo lililokosa? Nilimuuliza nyanya swali hilo, akanijibu: "Mtu anayehamia malisho haondoki siku majani yameisha." Kumbe kosa lilikuwa la kuondoka mkesha wa siku yenyewe. Kama wangeondoka Jumatatu, hata mto ungejaa, wangefika kabla ya Alhamisi, na tuna jamaa Kangemi ambaye angewapa pa kulala bure. Basi la mapema lingetosha. Ilikuwa ama pesa za ndege ama siku mbili za akiba. Sisi tulitaka kuepa zote mbili.

6. MAFUNZO

(a) Kabla ya bei, jiulize: nikichelewa siku moja nitapoteza nini? Kama ni harusi utakuta wamekula. Kama ni mtihani, usaili au upasuaji, umepoteza kila kitu.

(b) Kama huna pesa za ndege, nunua muda. Siku mbili za akiba ni nafuu kuliko tiketi.

(c) Kwenda na kurudi si lazima kufanane. Unaweza kwenda kwa ndege na kurudi kwa basi.

(d) Hesabu mlango kwa mlango, saa na shilingi pia.

(e) Msimu wa mvua uliza habari za mito kwa watu waliotoka huko leo, si jana.

(f) Chukua kitambulisho, na wenye kuhitaji kibali wakitafute mapema.

7. PENDEKEZO KWA CHAMA

Chama chetu kimekuwa kikiota safari ya Mombasa ili tukasikie Kiswahili cha pwani na kuiona Ngome ya Yesu. Kwa hesabu yangu, basi mpaka Nairobi 2,500 na treni 1,500, jumla ni 4,000 kwenda, na 8,000 kwenda na kurudi, bila chakula na malazi. Ndege tuisahau. Twende likizo ya Agosti, tulale usiku mmoja Nairobi ili basi likichelewa treni isituache. Tukianza kuweka akiba muhula huu, tutafika.

8. MSAMIATI

Abiria: mtu anayesafiri kwa chombo. Wingi wake ni abiria vile vile.
Behewa: chumba cha treni kinachobeba abiria au mizigo.
Nauli: malipo ya kusafiria. Malipo ya shule ni karo, tusichanganye.
Utingo: msaidizi wa dereva. Sisi husema makanga.
Garimoshi: jina la zamani la treni, kwa sababu ya moshi wa kichwa chake. Ya kwetu inatumia dizeli, lakini Tanzania wana treni ya umeme tangu 2024, haina moshi hata kidogo. Je, nayo tuiite garimoshi?

9. MASWALI YA MJADALA

(i) Rafiki yako wa Kakuma ana usaili Nairobi Jumatatu asubuhi, mwezi wa Aprili, na ana shilingi 4,000 tu. Mshauri.
(ii) Eleza kwa nini ndege hupunguziwa mzigo mahali penye joto.
(iii) "Rahisi ni ghali." Jadili ukitumia safari uliyoifanya wewe mwenyewe.

Wenzangu, nimefika kituoni, acha niteremke. Nyanya sasa husoma uso wangu kutoka mbali. Jumamosi iliyopita aliniona nikija, akaniita kabla sijapiga hodi. Safari njema nyote, na mwondoke mapema.