Mchoro Umejaa Mapambo? Upunguze Kabla Biti Haijazunguka

Umepiga picha ya mlango wa Zanzibar. Mnyororo umezunguka fremu yote, mayungiyungi yamejipanga chini, na kwenye mfaa hakuna pahali palipobaki patupu. Ukaiingiza picha kwenye Inkscape, ikageuka vekta kwa sekunde chache. Raha tupu! Ila ukiupeleka mchoro huo kwenye ruta ya CNC kama ulivyo, mashine itakwenda kwa kushtukashtuka, mbao itaungua kingo, na yale majani membamba yatameguka moja baada ya jingine. Usikate tamaa. Dawa yake iko hapo hapo kwenye kompyuta, na sehemu kubwa ya kazi ni kufuta tu.

1. Ukubwa kwanza, biti pili, mengine baadaye

Kabla hujafuta hata nukta moja, upe mchoro ukubwa wake halisi. Paneli ina upana wa milimita 400? Andika 400 sasa hivi. Kisha chagua biti. Biti ya milimita 6 haiingii kwenye mwanya wa milimita 4, uibembeleze usiibembeleze. Na kila kona ya ndani itakayochonga itabaki na mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 3, hata kama kwenye skrini imechongoka kama sindano. Ukianza kusafisha kabla ya kujua namba hizi mbili, utarudia kazi.

2. Tembeza duara jekundu

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote, maana hakihitaji hesabu. Chora duara lenye kipenyo sawa na biti yako, lipake rangi nyekundu, kisha livute kwa kipanya upite nalo kwenye kila mwanya ambao biti inatakiwa kuchimba. Likivuka kingo za mwanya, biti nayo haitaingia. Hapo una njia tatu: panua mwanya, ufute, au utengee sehemu hiyo biti ndogo ya milimita 3.

Usisahau upande wa pili: mbao inayobaki katikati ya michimbo miwili. Ukuta wa milimita 1 unaokatiza nyuzi za mbao hauvumilii, iwe mninga au mkangazi. Mimi siruhusu chini ya milimita 3, na kwenye mbao laini naongeza.

3. Safisha ua moja, nakili mengine

Hapa ndipo utakapookoa muda mwingi zaidi. Angalia ule mnyororo wa kwenye fremu: ni pambo lile lile linalojirudia kutoka chini hadi juu. Lakini kwa kuwa lilichongwa kwa patasi, na picha nayo ina vivuli vyake, programu imelichora kila mara kwa namna tofauti kidogo. Kwa nini usafishe mapambo arobaini yanayofanana? Chagua moja lililotoka vizuri, futa mengine yote, lisafishe hilo moja kwa utulivu, kisha linakili na kulipanga kwa nafasi zilizo sawa.

Ua lenye pande mbili zinazofanana lina faida zaidi: likate katikati, safisha nusu, igeuze kama kwenye kioo, unganisha. Kazi imepungua kwa nusu nyingine! Na usiogope kwamba unaidhalilisha sanaa ya wazee. Wachongaji nao walilinganisha pambo na patasi waliyokuwa nayo mkononi. Wewe unalilinganisha na biti.

4. Punguza nukta mpaka mstari upumue

Duara linahitaji nukta 4 tu. Duara lile lile likitokana na picha laweza kuja na nukta kibao, na kati ya kila mbili pana kijimstari kifupi. Mashine ikikutana na msururu wa vijimstari hivyo, haipati nafasi ya kushika kasi. Biti inazunguka pale pale, inasugua badala ya kukata, inapata joto, na mbao inaungua. Ukiona vumbi laini badala ya maranda, na harufu ya moshi juu yake, sababu mojawapo ndiyo hiyo.

Kwenye Inkscape bonyeza Ctrl+L kurahisisha mistari. Siri yake: chagua kipande kimoja kimoja, usichague mchoro mzima, kwa sababu nguvu ya amri hiyo hufuata ukubwa wa ulichochagua. Ukiibonyeza mara kadhaa harakaharaka, inazidi kuwa kali. Majani yakianza kuvimba, Ctrl+Z ipo. Mstari ukihama kwa milimita 0.1, hakuna jicho litakalogundua kwenye mbao iliyopigwa msasa.

5. Winda mistari pacha

Mstari mwembamba kwenye picha mara nyingi hugeuka miwili: ukingo wa kushoto na wa kulia. Bonyeza Ctrl+5 mpaka uone mifupa ya mchoro bila rangi, kisha futa usiouhitaji. Kuna pia pacha waliolaliana kabisa, hao ndio wajanja. Bofya mstari, usogeze kwa kitufe cha mshale. Ukiona mwingine umebaki chini yake, futa mmoja, la sivyo biti itapita njia ile ile mara mbili. Mistari iliyoachana ncha iunganishe kwa kuchagua nukta zote mbili na kubonyeza Shift+J.

6. Mshipa wa jani? Iachie biti ya V

Vitu vyembamba usivyotaka kuvipoteza, kama mishipa ya majani na herufi ndogo, vina biti yake. Biti ya V ya digrii 90 ikichonga mstari wenye upana wa milimita 4, inazama milimita 2 tu. Ya digrii 60 inazama karibu milimita 3.5, kwa hiyo pima unene wa mbao yako kwanza. Tena biti hizi hupanda taratibu zikikaribia kona, na kona inatoka imechongoka vizuri.

7. Chapa, bandika, rudi nyuma

Chapa kipande cha mchoro kwa ukubwa wake halisi, kibandike ukutani, rudi nyuma hatua tano. Usichokiona hapo, futa. Rahisi hivyo!

8. Mraba wa milimita 100

Faili la DXF likihama programu, vipimo huweza kubadilika bila kukuaga. Chora mraba wa milimita 100 pembeni ya mchoro na uupime mara tu unapofungua faili upande wa mashine. Ukisoma 100, ufute, kisha chonga ua moja kwenye kipande cha MDF kilichobaki. Pitisha kidole kwenye kingo na utazame ncha za majani. Zikiwa nzima, funga ubao wa mninga mezani.