Kimbia kwa Kasi ya Salamu

Ukianza kukimbia asubuhi Malampaka, jiandae kwa maswali. Dereva wa bodaboda atapunguza mwendo akuulize kama umeachwa na gari. Mama anayefagia uwanja atainua uso, ufagio mkononi: "Mwanangu, kuna nini huko? Kuna msiba?" Mtu mzima hakimbii bure. Cheka naye, kisha mweleze unafanya mazoezi. Anauliza kwa kuwa anakujali.

Pima kasi kwa salamu. Ukiambiwa "Mwangaluka!", itikia, uulize na habari za nyumbani, miguu ikiendelea. Ukishindwa kwa kuhema, umezidisha mbio, punguza. Kipimo hiki hakihitaji saa ya bei.

Anza kidogo. Kimbia dakika 1, tembea 2, rudia mara 8. Siku 3 kwa wiki zinatosha, na kila baada ya siku ya mbio pumzika.

Toka mapema. Jua likishapanda, vumbi na joto vitakuchosha bure. Mvua zikinyesha, udongo mweusi wa mbugani hung'ang'ania soli mpaka kila kiatu kiwe na uzito wa tofali. Tafuta kijiti, kwangua, endelea.

Wakubali watoto. Watakufuata wakielekea shule. Mmoja atavua ndala, azishike mkononi, akupite kama upepo, kisha akusubiri mbele akicheka. Usimkimbize. Mpigie makofi, na kesho shindaneni mpaka kwenye mwembe.

Maliza ulichoanza. Katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka na kuumia goti. Aliingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Alikuwa wa 57, wa mwisho kati ya waliomaliza, na mpaka leo anakumbukwa. Wewe ukiumia, simama utibiwe. Lakini ukiwa mzima, usikatishe kwa aibu ya kuwa wa mwisho.

Fanya hivyo miezi michache. Ipo asubuhi utakayolala, na jioni ukienda dukani yule mama atakusimamisha: "Leo mbona hukupita?" Hapo utajua kwamba mbio zako zimekuwa sehemu ya asubuhi yake pia. Kesho yake, funga kamba za viatu.