TREKTA LIKITOA MOSHI MWEUSI



Hapa kwetu Dodoma mvua ni ya msimu mmoja. Huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, na Aprili imekwisha. Trekta likilala wiki mbili mwezi wa Desemba, shamba la alizeti limepitwa. Leo tujifunze ugonjwa mmoja wa trekta la dizeli: nozeli mbovu. Mfano wetu ni Massey Ferguson 135, trekta la miaka ya 1960 na 1970. Ni la zamani, lakini mengine yanalima mpaka leo.

Nozeli ni nini?

Injini hiyo ina silinda tatu. Kila silinda ina nozeli yake. Pampu husukuma dizeli kwa nguvu nyingi, nayo nozeli huipuliza ndani ya silinda kama ukungu. Ukungu hukutana na hewa iliyobanwa mpaka ikawa moto, ukawaka wenyewe. Ndiyo maana injini ya dizeli haina plagi kama ya petroli.

Nozeli ikichakaa haipulizi ukungu. Inadondosha matone. Matone hayaungui yote. Moshi unakuwa mweusi, injini inagonga, inakosa nguvu mlimani, na dizeli inaliwa sana. Dizeli isiyoungua huteremka mpaka kwenye oili. Ukipima oili ukaona imeongezeka wakati hukuongeza, usifurahi. Oili hiyo imekuwa nyepesi, itakula injini.

Dereva anaweza kusema, "Mwenyekiti, injini imekufa, tutafute nyingine." Usikubali haraka. Anza na chujio la hewa. Vumbi letu la kiangazi mnalijua. Chujio likiziba, moshi ni mweusi vilevile, na dawa yake ni kuosha bakuli na kutia oili safi tu. Halafu tazama filta ya dizeli. Dizeli ya kwenye madumu mara nyingi ina maji na mchanga, na hivyo ndivyo viuavyo nozeli.

Kumtafuta mgonjwa

Washa injini, iache ingurume polepole. Vaa miwani. Asiwepo mtu anayevuta sigara. Kwa spana, legeza kidogo nati ya mrija unaoingia nozeli ya kwanza. Sikiliza. Mlio ukibadilika, injini ikataka kuzimika, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Kaza, nenda ya pili, kisha ya tatu. Ile ambayo ukiilegeza injini haijali, hapo ndipo penye ugonjwa.

Lakini je, ni nozeli au ni silinda yenyewe? Zima injini. Hamisha nozeli hiyo uipeleke silinda nyingine, na ya huko uilete hapa. Pima tena. Ugonjwa ukihama pamoja na nozeli, umeupata. Ukibaki palepale, nozeli haina kosa. Huenda ni valvu au ringi za pistoni, na hiyo ni kazi ya fundi.

HATARI: Usiweke kidole mbele ya dizeli inayoruka kutoka kwenye mrija au nozeli. Nguvu yake hupenya ngozi. Tundu ni dogo kama la sindano, maumivu pengine kidogo, lakini mkono unaweza kukatwa baadaye. Ikitokea, nenda hospitali saa ileile. Usingoje kesho.

Kubadilisha

Kabla ya kufungua, safisha kwa brashi pande zote za nozeli. Punje moja ya mchanga ikiingia, umeharibu mpya. Fungua mirija, uifunge midomo kwa nailoni safi. Legeza nati mbili zinazoshika nozeli, huku kidogo na huku kidogo. Ivute moja kwa moja. Ikigoma, izungushe taratibu, usiikongoe kwa bisibisi.

Sasa chungulia ndani ya tundu. Washa ya shaba ya zamani hupenda kubaki humo. Itoe. Wengi huisahau wakaweka mpya juu yake, halafu wanashangaa moto unavuja.

Mpelekee fundi mwenye mashine ya kupimia nozeli. Mwambie azipime zote tatu. Mara nyingi kinachokufa ni ncha tu, na ncha huuzwa peke yake kwa bei nafuu kuliko nozeli nzima. Baki hapo utazame: ipulize ukungu sawasawa, na ikikata isiache tone mdomoni.

Ukirudisha, weka washa mpya, kaza nati mbili kwa zamu. Mirija ikaze kwenye pampu, ila upande wa nozeli iache imelegea. Sasa toa upepo. Legeza skrubu ya upepo kwenye filta, piga pampu ya mkono mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza. Fanya hivyohivyo kwenye pampu kubwa. Mwenzako apige stata. Dizeli ikitoka kwenye nati za nozeli, kaza zote tatu, naye apige tena.

Likiwaka, tafuta mvujo kwa kipande cha karatasi, si kwa mkono.

Kongwa, Waingereza walileta matrekta mengi mwaka 1947 kulima karanga, mengine mitumba ya vita. Mwaka 1951 mpango ulivunjika. Mvua haba na udongo mgumu viliwashinda, lakini pia mashine zilikufa ovyo, vipuri na mafundi vikakosekana.

Maswali ya kujadiliana

1. Trekta la kijijini kwenu linatiwa dizeli ya wapi, na nani huichuja?

2. Filta ilibadilishwa lini mara ya mwisho? Imeandikwa kwenye daftari gani?