Usimamizi wa Vyuo Vikuu vya Afya na Maana Yake kwa Mgonjwa wa Ngara na Biharamulo

Tarehe 20 Januari 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza jijini Dodoma kwamba ugonjwa wa Marburg umethibitishwa wilayani Biharamulo, mkoani Kagera. Hadi mlipuko huo ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 13 Machi mwaka huohuo, wagonjwa 10 walikuwa wamehesabiwa: wawili kwa uthibitisho wa maabara na wanane kwa dalili na mazingira ya ugonjwa wao. Wote 10 walifariki. Miaka miwili kabla ya hapo, mlipuko wa kwanza nchini ulitokea katika Wilaya ya Bukoba, mkoa huohuo. Wagonjwa walikuwa 9 na vifo 6, na miongoni mwa waliofariki alikuwemo mtumishi wa afya.

Dalili za mwanzo za Marburg, yaani homa kali, maumivu ya kichwa na uchovu, hufanana na za malaria, ugonjwa ambao kila zahanati ya Kagera huuona mara kwa mara. Mtumishi wa zahanati ndiye anayetakiwa kutambua kwamba homa iliyo mbele yake si ya kawaida, kumtenga mgonjwa, kujikinga na kutoa taarifa. Uwezo huo hutegemea alifundishwa nini, na nani, na kwa kiwango kipi. Kwa sababu hiyo, kanuni za vyuo, zinazoonekana kuwa jambo la ofisi za Dar es Salaam na Dodoma, zinamgusa moja kwa moja mgonjwa wa Ngara na Biharamulo.

Nani anasimamia nini

Vyuo vikuu nchini husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), iliyoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005. Tume hiyo ilichukua nafasi ya Baraza la Ithibati la Elimu ya Juu lililoanza mwaka 1995. Kazi zake ni pamoja na kutoa ithibati kwa vyuo, kuidhinisha programu za masomo, kusimamia utaratibu wa udahili na kutambua shahada zilizopatikana nje ya nchi.

Vyuo vinavyotoa astashahada na stashahada, vikiwemo vyuo vya uuguzi na vya matabibu, viko chini ya Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET). Hili ni jambo la kuzingatia sana vijijini, kwa kuwa watumishi wengi wa zahanati wametoka katika vyuo vya ngazi hiyo.

Juu ya mamlaka hizo mbili yapo mabaraza ya kitaaluma. Baraza la Madaktari Tanganyika linafanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2017. Wauguzi, wafamasia na wataalamu wa maabara nao wana mabaraza yao. Chuo humpa mhitimu cheti cha elimu, lakini baraza ndilo linalompa ruhusa ya kumgusa mgonjwa. Daktari husoma miaka mitano, kisha hufanya mafunzo ya utarajali kwa mwaka mmoja katika hospitali iliyoidhinishwa, na ndipo husajiliwa kikamilifu.

Changamoto ya kwanza: kozi moja, wasimamizi wawili

Mpangilio huu una faida, kwani kosa lililopita machoni pa mamlaka moja linaweza kugunduliwa na nyingine. Hata hivyo, una gharama zake. Chuo kinapotaka kubadilisha mtaala, kwa mfano kuongeza mafunzo ya kukabiliana na magonjwa ya mlipuko, hulazimika kukidhi matakwa ya mamlaka ya elimu na pia ya baraza la taaluma. Vigezo vya pande hizo vikipishana, mabadiliko huchelewa. Ugonjwa mpya, kwa upande wake, hausubiri mtaala upitishwe. Pengo hilo huzibwa na mafunzo kazini, ambayo mara nyingi hufika wilayani baada ya mlipuko kutokea.

Changamoto ya pili: idadi na ubora

Mafunzo ya udaktari nchini yalianza na shule moja tu, Dar es Salaam, mwaka 1963; shule hiyo ndiyo chimbuko la Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Baadaye vilifuata vyuo vingine, kikiwemo cha KCMC mjini Moshi na cha Bugando jijini Mwanza, na idadi ya wahitimu ikaongezeka.

Ongezeko hilo lilikuja na swali la ubora. Mwaka 2017, baada ya ukaguzi maalumu, TCU ilizuia vyuo 19 vya fani mbalimbali kudahili wanafunzi wapya kwa mwaka wa masomo wa 2017/2018. Hatua hiyo iliwakumbusha wananchi kwamba jengo lenye kibao cha chuo kikuu halitoshi. Lazima wawepo wahadhiri, maabara na vitabu. Kwa vyuo vya afya kuna sharti zito zaidi, nalo ni wagonjwa wa kujifunzia. Wanafunzi wakizidi uwezo wa wodi, mgonjwa mmoja huzungukwa na kundi kubwa, na mwanafunzi anaweza kumaliza masomo akiwa ameona wenzake wakifanya kazi ambayo yeye mwenyewe hakuwahi kuifanya.

Msimamizi yuko kati ya madhara mawili. Akibana sana, wilaya kama Ngara itaendelea kukosa madaktari. Akilegeza sana, itapata daktari mwenye cheti lakini asiye na ustadi. Kwa mama mwenye uchungu pingamizi usiku wa manane, kukosa daktari na kupata daktari asiyejua upasuaji kunaweza kuishia mahali pamoja.

Changamoto ya tatu: wanaposoma na wanapohitajika

Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Mwezi Aprili 1994, takriban wakimbizi 250,000 waliingia wilayani humo kupitia daraja la Rusumo katika muda wa takriban saa 24. Biharamulo ipo kwenye njia kuu ya kuelekea huko. Ni wilaya zinazohitaji wataalamu waliozoea mazingira ya mpakani, lakini madaktari wengi hufundishwa katika hospitali kubwa za mijini.

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani kuhusu kuwabakiza watumishi vijijini inashauri kuwadahili wanafunzi waliokulia vijijini, kujenga vyuo nje ya miji mikuu na kuwapeleka wanafunzi vijijini kwa mafunzo ya vitendo. Kanuni za udahili, hata hivyo, hupima ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia. Kigezo hicho ni cha haki kwa kuwa ni kimoja kwa wote. Lakini mtoto aliyesoma katika sekondari yenye upungufu wa walimu wa sayansi na isiyo na maabara huanza mbio akiwa nyuma. Namna ya kumsaidia mtoto huyo bila kushusha kiwango cha taaluma ni miongoni mwa maswali magumu ya sera ya elimu ya juu kwa sasa.

Kuna hatua zinazotia moyo. Kupitia mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi, unaofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajenga kampasi Kagera, na Muhimbili kinajenga kampasi katika mkoa jirani wa Kigoma. Majengo hayo yatakuwa na maana zaidi iwapo hospitali za wilaya zilizo jirani zitakubaliwa kuwa sehemu rasmi za mafunzo na kupewa wasimamizi wa kutosha.

Changamoto ya nne: utafiti na ridhaa

Mlipuko wa ugonjwa huvuta watafiti. Utafiti unaohusu afya ya watu lazima upate kibali cha maadili, ambacho kitaifa huratibiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Sampuli haziruhusiwi kupelekwa nje ya nchi bila makubaliano yaliyoidhinishwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeongeza wajibu wa kutunza siri za wahusika.

Watafiti hulalamika kwamba vibali huchukua muda wakati ugonjwa unaenea. Lakini ridhaa isiyoeleweka si ridhaa. Mhadhiri husoma na kuandika kwa Kiingereza, fomu hutafsiriwa kwa Kiswahili, na bibi wa Ngara huenda anaelewa vizuri zaidi Kihangaza au Kishubi. Kanuni inatimizwa pale tu mtu anapoweza kueleza kwa maneno yake mwenyewe anachokubali.

Mambo ya kuzingatia

Kwa mgonjwa na ndugu zake:
1. Ana haki ya kujua kama anayemhudumia ni mtaalamu aliyesajiliwa, mtarajali au mwanafunzi.
2. Anaweza kukataa kuchunguzwa na wanafunzi, au kushiriki utafiti, bila kunyimwa matibabu.
3. Mzazi anayempeleka mtoto chuoni athibitishe kwanza kwamba chuo na programu vinatambuliwa na TCU au NACTVET.

Kwa mtumishi wa afya:
1. Ahuishe leseni yake kwa wakati na kuhudhuria mafunzo endelevu.
2. Asimwache mwanafunzi afanye tendo la hatari bila usimamizi.
3. Aombe kuona kibali kabla ya kumruhusu mtafiti kuwafikia wagonjwa.
4. Homa isiyoeleweka, hasa yenye kutoka damu au iliyowapata watu kadhaa wa kaya moja, aitolee taarifa mara moja kwa mganga mkuu wa wilaya, huku akijikinga.

Ubora wa chuo kikuu hupimwa kwa ithibati, kwa machapisho na kwa idadi ya wahitimu. Kwa wananchi wa Ngara na Biharamulo kipo kipimo kingine: siku mgonjwa wa homa isiyojulikana anapoingia zahanati, je, aliyevaa koti jeupe anajua la kufanya?