Dondoo muhimu: Kulitengeneza lambo kabla ya mvua

Kwa kuwa katika Kasongo na Kabambare kiangazi aghalabu huanza mwezi Juni na mvua hurejea Septemba, na njia zikishalowa hakuna lori liyafikialo mabonde ya mto Luama kwa wepesi, ni lazima saruji, sepetu na udongo wa mfinyanzi viwe tayari kandoni mwa lambo kabla Agosti haijakwisha.

Tazama kwanza maji yavujayo chini ya tuta: yakiwa safi, unao muhula; yakitoka na tope, basi udongo unaliwa kwa ndani, na dharura hiyo haingoji kesho. Punguza maji taratibu, kwani yakishushwa ghafla ukingo wa ndani huporomoka. Kisha chimba penye ufa mpaka ufikie udongo mgumu, ujaze udongo wa mfinyanzi wenye unyevu kiasi, kwa tabaka za sentimita 15, kila moja ikishindiliwa sawasawa. Mashimo ya mchwa yazibwe vivyo hivyo.

Zaidi ya yote, safisha mfereji wa kupunguzia maji, maana gharika ikipita juu ya tuta la udongo yaweza kulikata kwa saa chache. Nao wakaao chini ya lambo waarifiwe kabla jembe la kwanza halijapigwa.