Fundi Atafikaje Pale Juu? Kwa Wamiliki wa Majengo Marefu ya Pwani

Mchoro wa ghorofa ishirini ukifika mezani, mmiliki huuliza bei, vyumba na maegesho. Tunamwomba aongeze swali: kioo cha ghorofa ya kumi na nne kikipasuka, fundi atakifikiaje?

Pitisha kidole kwenye mchoro, kutoka paa hadi chini. Panapochomoza kibaraza, simama. Jukwaa la kuning'inia hushuka wima kwa kamba zake. Haliwezi kujipinda na kuingia chini ya kibaraza. Vioo vya hapo vitakaa na vumbi na uvujaji mpaka mtu asimamishe jukwaa la mabomba kuanzia ardhini, na hiyo si kazi ya bei rahisi. Kuta zinazoinama zina matatizo hayohayo. Msanifu akizipenda sana, akuonyeshe na namna ya kuzisafisha.

Paani, tafuta vishikizo vya kamba vilivyofungwa kwenye zege yenyewe. Kufunga kamba ya fundi kwenye bomba la maji ni kuchezea roho ya mtu. Angalia pia kama matangi na viyoyozi vimeacha njia ya kupita.

Dar es Salaam, Mombasa na Unguja zina jambo la ziada: chumvi ya bahari. Chuma cha pua cha daraja la 304 hushika madoa ya kutu karibu na bahari. Cha 316, chenye molibdeni, huvumilia zaidi. Mkandarasi akikwambia "chuma cha pua" tu, mdai namba. Silikoni ya maungio nayo huchoka mapema kuliko kioo, kwa hiyo uliza kioo kimoja kinatolewaje bila kugusa cha jirani.

Tazama na miji mingine. Burj Khalifa ya Dubai ilijengwa pamoja na mitambo yake ya kusafishia vioo, na bado usafi wa mzunguko mmoja huchukua takriban miezi mitatu. New York ilianza kulazimisha ukaguzi wa kuta mwaka 1980, baada ya kipande cha ukuta kumuua mwanafunzi mpita njia mwaka 1979. Singapore nayo, tangu 2022, hutaka majengo yanayozidi kimo cha mita 13 na umri wa miaka 20 yakaguliwe kila baada ya miaka saba.

Jengo lako limeshasimama? Mwite mhandisi agonge vigae vya nje. Vilivyoachia hulia kama kitu kitupu. Akivipata, zuia watu kupita chini ya ukuta huo siku hiyohiyo.